Mgeni Asiye na Mwenyeji

Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu, vijana wa mji walikilaki chombo alichopanda kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakulala nyumba nyingine. Miaka 14 baadaye alishuka Samudra, kaskazini mwa Sumatra, akakuta adabu ya namna nyingine. Aliletewa chakula, tambuu na mavazi, akaambiwa apumzike siku tatu uchovu umtoke, ndipo akamsalimu Sultani. Mogadishu ilimdaka mgeni kabla hajakanyaga nchi kavu. Samudra ilimwachia muda. Pwani zote mbili, hata hivyo, zilikubaliana kwamba mgeni hawi wa mji mpaka kwanza awe wa mtu.

Msafiri anayetua leo peke yake Bangkok au Hanoi si wa mtu. Ana chumba alichokilipia na ramani iliyo ndani ya simu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miji hii humkabidhi jembe saa ileile anapotoka mlangoni. Naona siku zake za kwanza zina uzito kwa sababu hiyo: kazi ya mwenyeji imeachiwa mji wenyewe, nao humfunza kupitia mwili wake, kila mji kwa njia yake.

Bangkok huanza na mavazi. Mfalme Rama wa Kwanza aliuhamishia mji mkuu ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya mwaka 1782, na Kasri Kuu likaanza kujengwa mwaka huohuo. Kwenye lango lake leo walinzi hutazama mabega na magoti kabla ya kitu kingine chochote. Ndani, katika hekalu la Wat Phra Kaew, sanamu ya Buddha iliyochongwa kwa jiwe la kijani nayo huvalishwa: Mfalme huibadilishia vazi mara tatu kwa mwaka, kufuata misimu. Si mgeni peke yake anayetakiwa kuvaa inavyostahili mahali hapo.

Kisha huja miguu. Mwislamu wa pwani yetu anayeingia hekalu la Wat Pho huvua viatu bila kuambiwa, kwani msikitini amefanya hivyo tangu utotoni. Hapo desturi hizi mbili hufanana, lakini mbele kidogo njia zinaachana. Msikitini kuvua viatu hulinda usafi wa mahali pa kusujudia, na wengi huona si adabu kunyoosha miguu kuelekea kibla. Kwa Wathai mguu wenyewe ndio sehemu ya chini kabisa ya mtu, kama kichwa kilivyo cha juu na cha kuheshimiwa, hivyo mbele ya sanamu mtu hukaa akiwa ameikunja miguu nyuma yake, na hata nje ya hekalu haifai kumwelekezea mwenzako nyayo. Ajabu ni kwamba humo Wat Pho amelala Buddha mwenye urefu wa mita 46, na fahari ya sanamu hiyo ni nyayo: zimepambwa kwa alama 108 za heri, za gamba la chaza linalometa. Kiungo ambacho mja hukificha, kwake kimewekwa wazi watu wakitazame.

Hanoi haimuulizi mtu amevaa nini. Humsimamisha kando ya barabara yenye mto wa pikipiki usiokatika, katika mitaa ya kale ambayo mingi ingali ikibeba majina ya bidhaa zilizouzwa humo, na kumtaka avuke. Bangkok imemjengea madaraja ya waendao kwa miguu na, tangu 1999, treni inayopita juu ya magari. Hanoi humtaka aingie katikati na kutembea kwa mwendo mmoja, asikimbie, asirudi nyuma, maana madereva wamekwisha kukadiria atakuwa wapi nukta ijayo. Akisita ndipo anapohatarisha kila mtu. Kwa hakika hii ni imani kati ya watu wasiojuana, na mgeni huikubali kwa miguu kabla akili haijaridhika.

Kanuni ya kutosimama humfuata hadi kwenye jumba alimolazwa Ho Chi Minh. Watu huenda kwa foleni, bila kofia, kimya, na walinzi huhakikisha hakuna anayetua kutazama. Thailand hudai kinyume chake. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa kituoni au bustanini, waliokuwa wakienda husimama pale walipo mpaka uishe. Nchini Vietnam heshima ni kupita. Thailand ni kusimama.

George Town, kisiwani Penang nchini Malaysia, ni jirani yetu wa karibu zaidi kwa sura. Msikiti wa Kapitan Keling, hekalu la Wachina la Kuan Yin, hekalu la Kihindu na kanisa la Waanglikana la mwaka 1818 viko umbali wa dakika chache kwa miguu, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar unavyokusanya misikiti, makanisa na mahekalu. Miji yote miwili ni bandari za pepo za msimu, na UNESCO imeitambua: Mji Mkongwe mwaka 2000, George Town pamoja na Melaka mwaka 2008. Tofauti ipo mlangoni. Nyumba za maduka za George Town zina ujia uliofunikwa na ghorofa ya juu, njia ya umma ambayo mtawala Mwingereza Raffles aliiamrisha Singapore mwaka 1822 na ikaenea eneo lile. Yeyote hupita humo, akikwepa jua na mvua, bila kumwomba mtu ruhusa. Baraza ya Zanzibar iko palepale kati ya nyumba na njia, lakini hukaliwa, na anayekaa huulizwa habari za atokako. Ujia humpa msafiri wa peke yake uhuru ambao mfanyabiashara wa Mogadishu hakuwa nao, kwani yule hakuweza kuuza wala kununua bila mwenyeji wake kuwapo, la sivyo biashara ilibatilika. Baraza humpa kile ambacho ada ya chumba hailipii: mtu wa kumjua kwa jina.