Mganga si Mchawi: Historia Fupi ya Maneno Yanayochanganywa

Miongoni mwa makosa yanayojirudia katika kazi za tafsiri za wanafunzi wetu hapa Gisenyi ni kulitumia neno moja, "mchawi", mahali pa maneno kadhaa ya Kinyarwanda. Umupfumu huwa mchawi, umurozi huwa mchawi, na hata umuvubyi, yule mleta mvua, naye huwa mchawi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si la darasani tu. Lina historia, na historia hiyo imewagharimu watu uhuru na hata maisha.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Mganga ni mwenye kuganga, yaani kutibu. Kitenzi hicho tunakisikia katika methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Mpiga ramli hubashiri na kufichua yaliyofichika. Neno ramli limetokana na Kiarabu, maana yake mchanga, kwa kuwa alama zilichorwa mchangani. Mchawi hudhuru watu kwa siri, na mlozi, yaani mwenye kuloga, yuko upande huo huo. Mwanga, hasa pwani, ni mchawi aendaye usiku. Mfanya mazingaombwe hatibu wala hadhuru. Huyachezea macho ya watazamaji tu. Methali nazo zinailinda mipaka hii. "Mganga hajigangi" humtaja mtu mwenye kazi inayojulikana hadharani, ilhali "Mchawi mpe mwana kulea" humtaja mtu anayeshukiwa.

Kinyarwanda kina mipaka yake. Umupfumu ni mwenye kuragura, kitenzi ambacho ni ndugu wa kuagua katika Kiswahili. Alitumia mbegu ziitwazo inzuzi, au matumbo ya kuku, naye aliheshimiwa hata katika ikulu ya mfalme. Neno hilo lina jamaa wengi: kwa Wasukuma nfumu ni mganga, na katika Kichewa na Kikongo mfumu ni mtawala. Ukaribu huo wa uganga na utawala haupaswi kutushangaza sisi wa kaskazini-magharibi, kwani abahinza wa Bushiru walikuwa watawala walioaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua na mazao.

Umurozi ni mtu mwingine kabisa. Hata hivyo, neno uburozi hubeba maana mbili: uchawi na sumu. Kwa hiyo Mnyarwanda anaposema "yaramuroze", mfasiri hana budi kuuliza: alimroga, au alimtilia sumu? La kwanza ni imani. La pili ni kosa la jinai linaloweza kuthibitishwa kwa vipimo.

Ukoloni uliivuruga mipaka hii. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, aliwagawia watu maji ya dawa. Kwao alikuwa mganga. Wajerumani walimwita Zauberer, neno linaloweza kumtaja mchawi na pia mfanya mazingaombwe, wakamnyonga Agosti mwaka huo, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Nako jirani na kwetu, Muhumusa, aliyesema kuwa ni mjane wa mfalme Rwabugiri, aliwaongoza wafuasi wa Nyabingi hadi Waingereza walipomkamata Kigezi mwaka 1911. Alizuiliwa Kampala mpaka kufa kwake mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali ya Uganda ilitunga sheria ya uchawi, ikatumika dhidi ya abagirwa, yaani watumishi wa Nyabingi. Wafuasi wao waliwaona kuwa wapatanishi kati ya watu na roho. Mahakamani wakawa wachawi. Kwa neno hilo uasi wa kisiasa uligeuzwa kuwa ushirikina.

Baada ya uhuru lugha imejaribu kuirudisha mipaka hiyo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitambua tiba asili na tiba mbadala, na kuunda baraza la kuwasimamia waganga. Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ya huko ilipiga marufuku wapiga ramli. Katika mazungumzo ya umma limeenea neno mahususi, "ramli chonganishi", yaani ile inayomtaja jirani au bibi kizee kuwa ndiye mchawi. Tazama uzito wa kivumishi hicho kimoja: kinamtenga mganga wa mitishamba na mtu ambaye maneno yake huwatia wengine hatarini.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Wahitimu wetu watafasiri hospitalini, polisi na mahakamani, na wengine watavuka mpaka kwenda Goma, ambako watawasikia mufumu na mulozi katika Kiswahili cha huko. Tunapendekeza basi: umuvuzi gakondo awe mganga wa tiba asili, umupfumu awe mwaguzi au mpiga ramli, umuvubyi awe mleta mvua, na umurozi asiitwe mchawi kabla mfasiri hajajua kama inazungumzwa sumu au uchawi. Kumwita mtu mchawi ni kumshtaki, na si kazi ya mfasiri kumshtaki mtu.