Benga kwa Masikio ya Mpwani: Uanzie Wapi?

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na taarab na chakacha. Benga tunaisikia kwenye matatu au redioni, tunasema "hizo nyimbo za Wajaluo", tunabadilisha stesheni. Mara nyingi tunabadilisha kabla wimbo haujafika penyewe. Makala haya ni ya yule anayetaka kuusikiliza kwa mara ya kwanza.

Benga ni muziki wa magitaa wa kucheza, uliokua miongoni mwa Wajaluo wa kandokando ya Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960. Ukitoka Kisumu, ukapita Ahero na Katito hadi Pap Onditi kule Nyakach, uko ndani ya nchi yake. Kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, chombo cha nyuzi nane. Mpigaji huchezesha nyuzi kwa vidole huku akiimba, na pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu wake hugonga ubao wa chombo kupata mapigo. Mtu mmoja, bendi nzima. Gitaa lilipoingia, vijana walilipiga kwa mwendo huo huo: uzi mmoja mmoja, mbio mbio, badala ya kuzikung'uta nyuzi zote pamoja.

Wimbo wa benga kwa kawaida una sehemu mbili. Kwanza maneno: mwimbaji anamsifu mtu, analia msiba, au anawasema wakubwa. Gitaa la solo humjibu, kama fidla inavyomjibu mwimbaji wa taarab. Kisha sauti hunyamaza, magitaa hushika kasi, besi husukuma, na hapo ndipo watu huinuka. Anayezima wimbo dakika ya pili ameondoka harusini kabla ya pilau.

Kwa anayeogopa lugha, mlango mwepesi ni "Lunchtime" ya Gabriel Omolo, wimbo wa Kiswahili wa miaka ya 1970 juu ya wafanyakazi na saa yao ya chakula. Kakai Kilonzo, Mkamba, naye aliimba benga kwa Kiswahili. Kisha nenda kwa D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940. Huyu aliwahi kutiwa ndani kwa sababu ya nyimbo zake za siasa, na alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Baada yake wasikilize Victoria Jazz, akina Ochieng' Nelly na Collela Mazee, halafu Okatch Biggy wa miaka ya 1990.

Wageni walituwahi. Santuri alizosambaza P.O. Kanindo zilipendwa sana Zimbabwe, hata muziki wenyewe ukaitwa "kanindo" huko. Mwaka 2004 Wamarekani wawili wapigaji wa roki, Ian Eagleson na Alex Minoff, waliungana na Otieno Jagwasi na Onyango Wuod Omari wakaunda Extra Golden. Roki na benga zikakaa ngoma moja bila kugombana. Otieno alifariki mwaka 2005. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata, hakuiona. Anayependa roki ya kucheza ya Marekani na Uingereza aanzie hapo.

Mjaluo ameishi nasi Changamwe na Likoni kwa vizazi. Tunakula samaki wake, tunabishana naye siasa na mpira, lakini tukiulizwa anaimba nini anapofiwa, hatujui. Tunaweza kuzozana kila uchaguzi na mtu ambaye hatujawahi kumsikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho.

Basi anza na Omolo, uingie kwa Misiani. Maneno ya Kijaluo yakikushinda, mgongee jirani umuulize maana yake. Huenda akakaa mpaka jioni akikueleza.