Risasi Nyembamba, Ndovu Mkubwa: Bell na Swali la Bunduki Karamoja

Kitabu cha kwanza nilichokiona maktabani kikiwa na jina la kwetu kwenye jalada kiliandikwa na mwindaji wa ndovu. Kinaitwa Karamojo Safari, kilitoka mwaka 1949, na mwandishi wake ni Mskoti, W. D. M. Bell. Mimi nimezaliwa Moroto. Nilitarajia kusoma habari za watu na mifugo yao. Habari hizo zimo, lakini zimeandamana na maelezo mengi ya bunduki na risasi. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nilitambua kwamba ndani ya maelezo hayo kuna historia ambayo sisi wenyewe hatujaisoma vizuri.

Swali langu katika insha hii ni hili: kwa nini Bell alichagua bunduki ndogo kumwindia mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, na uchaguzi huo unatueleza nini kuhusu biashara ya pembe katika Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20? Ninadai kwamba kipenyo cha risasi hakikuwa siri ya mafanikio yake. Siri ilikuwa maarifa, na sehemu ya maarifa hayo ilikuwa mali ya Wakaramoja.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla yake. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliofuata pembe hadi Karamoja walibeba magobori, yaani bunduki za kushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Wawindaji wa Kizungu nao walikuwa na magobori yao, makubwa zaidi. Frederick Selous, alipoanza kuwinda kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870, alitumia bunduki ambayo tundu la mtutu wake lilipitisha gololi ya risasi yenye uzito wa karibu robo ya ratili. Ukubwa huo ulikuwa na sababu. Baruti nyeusi haikuweza kuirusha risasi kwa kasi kubwa, kwa hiyo aliyetaka nguvu zaidi alilazimika kuongeza uzito. Gharama yake ilikuwa teke la bunduki begani, na wingu la moshi lililomficha mnyama wakati mwindaji alipohitaji sana kumwona.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na hapo njia zikawa mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuichukua baruti mpya na kuitia katika bunduki kubwa. Mfano wake ni .450 Nitro Express ya John Rigby ya mwaka 1898, yenye risasi ya gramu 31 hivi na kasi ya karibu mita 650 kwa sekunde. Njia ya pili ilikuwa ile ya majeshi: risasi nyembamba na ndefu, kama ya Mauser ya milimita 7, yenye gramu 11 hivi na kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Tukipiga hesabu, nishati ya Mauser haifikii nusu ya ile ya Rigby. Kwa akili ya kawaida, mwenye kwenda kwa ndovu angechukua ile kubwa. Bell alichukua ile ndogo. Katika maisha yake yote ya uwindaji, Uganda na kwingineko Afrika, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wapatao 800 kati yao kwa bunduki za milimita 7.

Aliwezaje? Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni shabaha. Kichwa cha ndovu ni kikubwa, lakini sehemu kubwa ya fuvu ni mfupa wenye vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe umekaa nyuma na chini kuliko mtu anavyodhani. Bell alipasua fuvu kwa msumeno ili aone ubongo uko wapi, akajifunza kuufikia kutoka mbele, ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa pembeni. Risasi ikifika kwenye ubongo, tofauti ya gramu 11 na gramu 31 haina maana tena.

Sababu ya pili ni umbo la risasi, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kipenyo ni swali moja; muundo wa risasi ni swali jingine. Bell alitumia risasi ngumu, iliyofunikwa chuma mpaka ncha, isiyobonyea inapokutana na mfupa. Risasi ya ncha laini ingetanuka na kuishia njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Lakini chaguo hilo lilimfaa ndovu, si kila mnyama. Wamarekani wanaowinda wapiti, yule kulungu wao mkubwa, hulenga mapafu na moyo nyuma ya bega. Huko risasi ngumu inaweza kutoka upande wa pili ikiwa imeacha tundu dogo, na mnyama akaenda kufia mbali. Kwa hiyo wao hutaka risasi inayotanuka bila kusambaratika. Nao walikuwa na ubishi kama huu wetu: Jack O'Connor alitetea bunduki nyepesi ya .270, Elmer Keith akashikilia risasi nene na nzito. Ubishi wa namna hii hauishi kwa sababu kila upande una mifano yake ya kweli.

Sababu ya tatu ni uchumi. Bunduki ya milimita 7 ni nyepesi, mtu huibeba mwenyewe siku nzima. Risasi zake zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya majeshi. Mlio wake ni mdogo, kwa hiyo kundi la ndovu halikutawanyika upesi baada ya mmoja kuanguka. Tusiupite ukweli huu haraka: bunduki ndogo haikuwa na huruma zaidi kwa ndovu. Iliifanya kazi ya kuwaua iwe rahisi na ya gharama ndogo.

Hata hivyo, sababu hizi tatu hazijibu swali moja: ndovu walipatikanaje? Bell mwenyewe alikadiria kwamba kwa kila ndovu dume aliyemuua alitembea wastani wa maili 73. Hakutembea peke yake, wala hakutembea bila kuelekezwa. Aliahidi ng'ombe kwa atakayemletea habari za madume wenye pembe kubwa, na habari zikaja. Anamtaja kwa heshima Pyjale, Mkaramoja aliyemwongoza porini akiwa na mkuki wake. Wapagazi walibeba pembe. Waandishi wanaomsifu Bell huhesabu gramu za risasi zake, lakini ng'ombe waliolipwa na mabegani yaliyobeba hawahesabu. Mimi nasema hao nao ni sehemu ya silaha yake.

Upo upinzani wa haki kwa hoja yangu. Asiye na utulivu wa Bell akichukua bunduki ndogo na kukosa ubongo, hujeruhi tu, na ndovu aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Bunduki kubwa humsamehe mwindaji kosa, kwa kuwa pigo lake linaweza kumlevya ndovu hata likipita kando ya ubongo. Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa za Afrika zilikuja kuweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari. Nakubali. Lakini upinzani huo unathibitisha dai langu: sheria hutungwa kwa ajili ya watu wasio na maarifa ya kutosha.

Kwetu bunduki si somo la maktabani tu. Mwaka 1979 ghala la silaha la Moroto liliporwa, na bunduki zikawa nyingi kuliko mikuki. Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu aliisalimisha yake. Nilipomweleza habari za Bell hakuuliza bunduki ilikuwa ya aina gani. Aliuliza, "Nani alimwonyesha njia?" Naamini mwanahistoria wa Karamoja anapaswa kuanza na swali hilo, kisha ndipo apime risasi.