Nani Mwenye Kauli Juu ya Mto? Kampuni, Misheni na Ukoo

Mulot imekaa mpakani. Ng'ambo moja ni Bomet, ng'ambo ya pili ni Narok, na katikati unapita mto Amala ukitokea msitu wa Mau. Magharibi yake Nyangores unateremka kutoka msitu huohuo, na mito hiyo miwili hukutana ikawa Mara, unaokwenda kumwaga maji yake Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mtu wa Mulot hupokea maji yaliyokwisha kupita mikononi mwa wengine. Ndiyo maana mazungumzo ya nishati safi yakifika hapa, kabla ya kuulizia bei ya mtambo yafaa kuuliza nani ana kauli juu ya mto. Kampuni, misheni na ukoo zimelijibu swali hilo kila moja kwa desturi yake.

Kampuni ndiyo iliyotangulia katika stima. Kule Kericho, mitambo ya kwanza ya maji ya kampuni ya chai ya James Finlay ni ya mwaka 1934, na Brooke Bond, kampuni nyingine ya chai, nayo ikajenga yake. Siku hizo hakuna aliyetaja mabadiliko ya tabianchi. Majani ya chai yakishachumwa hayasubiri, na mota za kiwandani lazima zizunguke. Haja hiyo ilizaa nidhamu: mifereji husafishwa, vipuri hununuliwa mapema, miti ya asili kandokando ya mito huachwa isimame. Hata hivyo, stima hiyo inatoka katika ardhi ambamo Wakipsigis na ukoo wa Talai walifukuzwa na serikali ya kikoloni, malalamiko waliyoyafikisha Umoja wa Mataifa mwaka 2019. Kampuni ilijua kutunza mto. Jirani wa mto hakuulizwa kitu.

Misheni ilikuja na nia nyingine. Hospitali ya Tenwek, karibu na Bomet mjini, ilitumia maporomoko ya Nyangores kujipatia mtambo wa kilowati 320 mwaka 1987. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa msemo huo ulitimia neno kwa neno: taa za chumba cha upasuaji ziliacha kutegemea dizeli. Faida yake ni ya wagonjwa wote, na katika hilo Tenwek inaipita kampuni. Ila umiliki, ufundi na uamuzi vinakaa ndani ya ua wa taasisi. Mkulima anayelima hadi ukingoni mwa mto kule juu hana hisa katika mtambo huo, na tope la shamba lake ndilo linaloziba mlango wa maji. Hospitali yaweza kumsihi, kumwamuru haiwezi.

Desturi ya tatu haikuanza na stima. Wamarakwet, ndugu za Wakipsigis katika jamii ya Wakalenjin, kwa karne nyingi wamechimba mifereji kutoka vilima vya Cherangany, ikashuka kwenye magenge hadi bonde la Kerio. Kila mfereji una koo zake, kila ukoo una zamu yake ya maji, na zamu hiyo inakwenda na wajibu wa kuukarabati. Anayekwepa kazi hutozwa faini. Wazee huamua barazani, mbele ya watu wanaojuana. Tusiipake rangi desturi hii: wanawake waliwekwa mbali na mifereji na maamuzi yake, ingawa wao ndio waliochota maji na kulima. Pamoja na dosari hiyo, ina kitu ambacho kampuni na misheni hazina. Anayekunywa maji ndiye anayeutunza mfereji, na ndiye anayekaa barazani.

Je, desturi ya mfereji inaweza kubeba stima? Ludewa, kusini mwa Tanzania, imekwisha kujibu. Mtambo wa Mawengi wa kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia, ulikabidhiwa LUMAMA, jumuiya ya watumiaji wenyewe, iuendeshe. Kampuni nazo zimejifunza: huko Mufindi, mradi wa Mwenga wa megawati 4, uliozaliwa kwenye mashamba ya chai, tangu 2012 unaliuzia stima TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, na pia kuwasha vijiji jirani. Nchini Kenya, viwanda vya wakulima wadogo wa chai chini ya wakala wao, KTDA, vina hisa katika mtambo wa Gura kule Nyeri, wa takriban megawati 5.8. Hapo mkulima ana hisa, lakini kupitia kiwanda chake. Umbali kati yake na mfereji bado ni mkubwa.

Nikizipima zote, kampuni inashinda kwa ufundi, misheni kwa huruma, na ukoo kwa uwajibikaji. Ufundi na huruma vinaweza kununuliwa au kuombwa kwa wafadhili. Uwajibikaji haununuliki, na bila huo mtambo husimama siku tope linapojaa na hakuna anayejiona mwenye zamu ya kulizoa.

Bomet haianzi na mikono mitupu. Nyangores na Amala ina vyama vya watumiaji wa maji, na wakulima wa Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek wamezoea kuchagua wakurugenzi wa viwanda vyao. Kinachokosekana ni kuunganisha mambo hayo mawili. Kila mtambo mpya wa mto uanze na mkataba unaotaja nani atawashiwa, nani atasafisha mfereji, na sehemu gani ya mapato itapanda hadi Mau kupanda miti na kuwalipa wanaoacha ukingo bila kulimwa. Wanawake wawe na viti katika baraza hilo kwa haki, na Mulot, iliyo chini ya mkondo, iwe na kura sawa na walio juu. Wenye viwanda na serikali ya kaunti wakileta mashine kabla ya mkataba, wananchi waikatae.