Kuiga na Kuigiza: Ngoma ya Beni na Elimu ya Siasa Kusini mwa Tanzania

1. Utangulizi

Katika Kiswahili kitenzi kimoja, cheza, hutosheleza mpira, bao na ngoma. Anayesogeza kete na anayefuata mdundo wa ngoma wote wanacheza. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo hutofautisha kwa makini kati ya kuiga na kuigiza. Kuiga ni kufuata afanyacho mwingine. Kuigiza, kitenzi kilichoundwa kwa kuongeza kiambishi -iz- kwenye mzizi -ig-, ni kuvaa nafasi ya mtu mwingine kwa makusudi, mbele ya hadhira, huku mwigizaji na mtazamaji wote wakijua kwamba nafasi hiyo si yake. Anayeiga huenda asijue kuwa anaiga. Anayeigiza hujua daima.

Mhadhara huu unaitumia tofauti hiyo kuchunguza suala ambalo kwa kawaida huachiwa wanasayansi wa siasa, yaani matumizi ya michezo na maigizo katika kufundisha siasa na uhusiano wa kimataifa. Katika vyuo vikuu vya Marekani mbinu hii ilipata umbo la kitaaluma mwishoni mwa miaka ya 1950, hasa pale Harold Guetzkow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipowagawa washiriki katika mataifa ya kubuni, wakawapa nyadhifa za uongozi na kuwaacha wapatane, wafanye biashara au wapigane. Wanaotafuta chimbuko la mbali zaidi huishia Prussia, ambako mwaka 1824 ofisa wa mizinga, Georg Heinrich von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa dadu na mwamuzi.

Nasaba hiyo ni sahihi, lakini haijatimia. Kabla ya vyuo hivyo kuanza majaribio yao, watu wa pwani ya Afrika Mashariki na bara lake walikuwa wamekwisha kubuni igizo lao la dola, lenye vyeo, kanuni na matawi. Igizo hilo ni ngoma ya beni. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba beni ilikuwa shule ya siasa, na kwamba walichojifunza wachezaji wake kilitokana zaidi na jambo moja: kanuni za mchezo walizitunga wenyewe.

2. Narung'ombe, Julai 1917

Ili kuelewa beni iliigiza nini, inafaa kutazama kwanza tukio halisi. Narung'ombe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea, katika Mkoa wa Lindi. Tarehe 19 Julai 1917, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakisonga kutoka Kilwa yalikutana hapo na kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni von Lieberman, kilichokuwa kimejichimbia mahandaki. Katika nchi ile kavu, aliyeshika maji ndiye aliyeshika njia. Baada ya mapigano makali Wajerumani waliondoka na Waingereza wakakalia mahali pale. Jina la Narung'ombe likaingizwa katika orodha ya heshima za vita za vikosi viwili vya Kiafrika, King's African Rifles na Gold Coast Regiment. Liliandikwa Narungombe, bila ritifaa. Kwa msomaji wa Kiswahili, alama hiyo ndogo ndiyo itofautishayo sauti mbili. Kijiji kikapata umaarufu, kikapoteza matamshi yake.

Waliopigana pande zote mbili walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika. Nyuma yao walikuwapo wapagazi. Waingereza peke yao waliwatumia takriban watu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, hukadiriwa kukaribia 100,000. Aidha, majeshi yote mawili yalichukua nafaka za wenyeji, na sehemu kubwa ya kusini ikakumbwa na njaa. Oktoba 1917 yalifuata mapigano ya Mahiwa, na tarehe 25 Novemba mwaka huo jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Huu ndio uhusiano wa kimataifa kama ulivyowafikia wakazi wa Ruangwa na Nachingwea. Dola mbili za Ulaya zilishindania ardhi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Askari wa Ghana ya leo alipigana na askari wa Tanganyika kwa amri zilizotolewa kwa Kiingereza na Kijerumani, na mwenye ghala la mtama hakuulizwa lolote. Somo kubwa kama hili lilihitaji chombo cha kulifikiria.

3. Beni: asili na muundo

Chombo hicho kilikuwapo tayari. Neno beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kikundi cha wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi. Mchezo wenyewe ulizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, mahali ambapo mashindano ya mitaa yalikuwa ni desturi ya kale. Wachezaji walipanga mistari, walivaa sare, walifuata kwata na kuimba kwa Kiswahili. Kabla ya 1914 beni ilikwisha kuenea katika pwani ya Tanganyika, na huko ikajigawa katika vyama viwili vikubwa vilivyopingana: Marini, jina litokanalo na askari wa majini, na Arinoti. Kwa ujumla Marini walijiona kuwa waungwana wa pwani na watu wa kalamu, ilhali Arinoti walihesabiwa kuwa watu wa kazi na wa kutoka bara.

Orodha ya vyeo ni hazina kwa mwanaisimu. Wamo Kingi, Gavana, Jenerali na Kapteni; wanawake nao walikuwa na safu yao ya vyeo. Maneno haya hayakuingia katika vinywa vya wengi kwa njia ya kamusi wala darasa. Yaliingia kwa kuvaliwa. Aliyeitwa Gavana siku ya ngoma alipaswa kujua gavana hukaa wapi mbele ya jenerali, humwandikia nani, na huadhibu kwa kosa gani. Msamiati wa dola ulijifunzwa pamoja na sarufi ya dola.

Vita vilikipa chombo hiki miguu. Askari na wapagazi walikichukua kutoka kambi hadi kambi, na baada ya 1918 wakarudi nacho makwao. Kusini magharibi kikazaa mganda, na Malawi kikajulikana kwa jina la malipenga, ngoma maarufu kwa tarumbeta za vibuyu. Katika migodi ya shaba ya Zambia kiliitwa mbeni, na mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alionyesha mwaka 1956 jinsi ngoma ya kalela ilivyotokana nacho.

Jambo la kusisitizwa ni kazi ya vyama hivi nje ya uwanja. Wanachama walichanga fedha, waliandikiana barua kati ya tawi na tawi, walizikana na kusaidiana katika shida. Mwanachama aliyefika mji mgeni alipokelewa na wenzake wa chama hata kama hawakuwa wa kabila lake, na lugha ya mapokezi hayo ilikuwa Kiswahili. Kwa mantiki hiyo, igizo la dola liliunda taasisi halisi: uongozi, hazina, mawasiliano na uraia usiofuata ukoo.

4. Macho ya watawala

Watawala waliitazama beni kwa namna mbili, na zote mbili zilikosa shabaha. Wengine waliona ni kuiga tu: Waafrika wakifuata tabia za mabwana wao kama watoto wafuatavyo wazazi. Wengine waliona ni njama. Mwaka 1919 maofisa wa ujasusi wa Uingereza waliichunguza beni wakihofia kuwa nyuma ya vyeo vile kulikuwa na mtandao wa siri wa kisiasa. Hofu hiyo ilirudi mwaka 1935, wakati wa mgomo wa wachimba madini katika ukanda wa shaba, pale tume ya uchunguzi iliposikiliza ushahidi kuhusu nafasi ya mbeni katika kupeleka habari za mgomo.

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alikichapisha mwaka 1975 kitabu kilichoirejesha beni katika historia ya kijamii ya Afrika Mashariki. Tangu hapo si rahisi tena kwa mtu kuidharau. Hata hivyo, mjadala umeendelea kuzunguka swali la iwapo beni ilikuwa utii au upinzani. Tofauti ya kuiga na kuigiza inafungua njia ya tatu. Anayeigiza gavana hamtii wala hampingi kwa lazima, anamchunguza. Anaupima ugavana kwa mwili wake, anajua uzito wake na udhaifu wake. Maarifa hayo yanaweza kutumika baadaye kwa utii au kwa upinzani, lakini kwanza ni maarifa.

5. Kanuni ni za nani?

Isidhaniwe kwamba kila mchezo hukomboa. Mchezo hufundisha kilichomo katika kanuni zake. Ramani ya von Reisswitz ilikuwa na vipande vya askari wa miguu, farasi na mizinga. Mpagazi hakuwa na kipande. Beni nayo ilikuwa na mipaka yake. Iliendeleza mapenzi ya cheo, dharau ya watu wa pwani kwa watu wa bara, na ushindani wa karamu uliowafilisi wengine. Iliigiza mamlaka ya juu kwa ustadi kuliko ilivyoigiza haki za walio chini.

Lakini kulikuwa na tofauti moja ya msingi. Katika mchezo wa Prussia na katika darasa la Northwestern, kanuni hutolewa na mkufunzi, na mshiriki hupokea nafasi aliyopewa. Katika beni wachezaji waliamua wenyewe nani awe Kingi, ada iwe kiasi gani na mshindi apimwe vipi. Kutunga kanuni kulikuwa sehemu ya mchezo, na huenda ndiko kulikokuwa somo lake kubwa kuliko yote.

Historia ya Nachingwea inatoa mfano wa pili, ingawa wa aina nyingine. Kuanzia mwaka 1965 FRELIMO ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo huko, ambako Samora Machel aliwaongoza vijana kutoka mikoa mbalimbali ya Msumbiji. Pamoja na silaha na elimu ya siasa, kambini palichezwa ngoma, na watu wa mkoa mmoja walicheza ngoma za mkoa mwingine. Taifa ambalo lingepata uhuru tarehe 25 Juni 1975 lilichezwa kwanza ugenini, katika ardhi ya Lindi. Tofauti na beni, hapa kanuni zilitoka kwa chama, na umoja uliofundishwa ulikuwa na mwalimu mmoja.

6. Hitimisho

Leo mikutano ya kuigiza ya Umoja wa Mataifa huwavutia vijana wengi wa Afrika Mashariki. Mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza na kwa taratibu zilizoletwa zikiwa tayari. Mwaka 2019 SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukafanya vivyo hivyo. Hivyo lugha ya mazungumzo ya mataifa ipo. Kinachohitajika ni madarasa yanayoitumia, na wanafunzi wanaoruhusiwa kuzijadili kanuni kabla ya kuzifuata.

Mwalimu wa Ruangwa au Nachingwea hana haja ya kuagiza mfano kutoka mbali. Mapigano ya Narung'ombe yanaweza kuigizwa darasani: kundi moja liwe makao makuu ya Waingereza, jingine ya Wajerumani, la tatu askari wa Kiafrika wa pande zote mbili. Yaongezwe makundi mawili ambayo ramani za majemadari hazikuyapa kipande, yaani wapagazi na wanakijiji wenye nafaka. Kisha, kabla ya mchezo kuanza, makundi yote matano yakubaliane ni lipi litakalohesabiwa kuwa ushindi. Itachukua muda mrefu, na muda huo hautakuwa umepotea.