Bei ya Mkono wa Mfanyakazi

Sheria ya fidia haikuzaliwa na huruma ya tajiri. Huko Ujerumani, Bismarck alileta bima ya ajali za kazini mwaka 1884, akiwa amekwisha kuvipiga marufuku vyama vya kisoshalisti tangu 1878. Alichotafuta ni utulivu wa viwanda.

Hapa kwetu, mkoloni alileta sheria yake mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za manamba na mkonge. Aliyeumia alilipwa kwa mkupuo, tena kwa kikomo. Kikomo hicho ndicho tunachotaka kada akitazame. Shilingi ilishuka thamani, kikomo kikabaki nyuma: chini ya sheria ile, iliyokuja kufutwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, kiwango cha mwisho kwa ulemavu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo 83,000. Kwa bei hiyo, mwajiri apigaye hesabu angeona kulipia mkono ni nafuu kuliko kununua kinga ya mashine!

Mfuko ulioanza kazi 2015 hulipa pensheni kutokana na michango ya waajiri. Ni hatua kubwa. Lakini mfuko hulipa damu ikiisha kumwagika. Kuisimamisha mashine isiyo na kinga ni kazi ya mkaguzi, kwa sheria ya 2003, na ya tawi la wafanyakazi linalothubutu kumwita.