Kibaba cha tele, kibaba cha mfuto: ugomvi wa vipimo haukuanza na lumbesa

Ndugu mkulima, mnunuzi akikuambia "jaza, kisha weka kichwa", usidhani huo ni ujanja wa juzi. Ugomvi huu ni mkongwe hapa Pwani.

Kabla ya kilo, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Pembe na karafuu zilikwenda kwa frasila, karibu kilo 16. Sasa kibaba ni chombo cha kujaza, na hapo ndipo maneno yalipoanzia: nafaka iishie ukingoni au ifanye kilima? Wazee walivipa vipimo hivyo viwili majina. Kilichosawazishwa kiliitwa kibaba cha mfuto, kilichorundikwa kibaba cha tele. Mkishataja jina mbele ya shahidi, anayedai kilima baadaye hana pa kushikia.

Lumbesa ni tele isiyotajwa. Bei ni ya gunia moja, kilima kinatoka shambani kwako bure. Kwenye korosho ndugu yake ni kangomba: mtu anakufuata nyumbani na kopo lake wakati huna hela, mizani haionekani.

Sheria ya Vipimo ilitungwa mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo ukaanzishwa 2002 kuisimamia. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Ukipita Misugusugu, Kibaha, kuna kituo ambako matangi ya magari ya mafuta huhakikiwa. Mwenye mafuta hauzi kwa kukadiria. Kwa nini wewe mwenye mihogo ukadirie?

Niliwahi kukuta Kisarawe mkulima na mnunuzi wakibishana asubuhi nzima juu ya mzigo wa mihogo. Kila mmoja alikuwa na hoja nzuri. Hakuna aliyekuwa na mizani.

Kwa hiyo patana bei ya kilo, si ya gunia, kabla gari halijapakiwa. Angalia stika ya uhakiki kwenye mizani, na hakikisha inasoma sifuri ikiwa tupu. Uzito wa gunia lenyewe utolewe. Andikeni tarehe, idadi na kilo, kila mmoja abaki na nakala. Korosho mbichi hupungua uzito zikikauka, hivyo pimeni siku ya makabidhiano. Mkitofautiana, mzigo usiondoke: upimwe tena kwenye mizani nyingine iliyohakikiwa, wote wawili mkiwepo. Mkishindwa hapo, nendeni ofisi ya Wakala wa Vipimo na ile karatasi yenu.